Swali la Pili

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akighani huku akikuna nazi. Sauti ilifuata mkono: mkono ukishuka kwenye mbuzi, neno, ukipanda, neno. Sisi wajukuu tulimzunguka tukidokoa, hatuna habari na anachoghani. Tulichoshika ni kwamba kuna mama mgonjwa anamwita binti yake aje akae karibu, aje na wino na karatasi, ana jambo la kumwambia. Nazi ikiisha na maneno yanaishia hapo, hata kama yamefika katikati ya ubeti.

Alifariki mwaka 1993. Siku ya arobaini kina mama walikaa mkekani wakajaribu kuyakusanya yale maneno. Zikapatikana beti mbili na nusu. Mama mkubwa akasema bibi aliyatunga mwenyewe. Mjomba akasema hapana, hayo ni maneno ya kufundia wari, kila bibi wa zamani alikuwa nayo. Wakabishana kidogo, wakanyamaza. Mtu pekee ambaye angetuamulia ndiye tuliyekuwa tunamfanyia arobaini.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo kwa mjomba Dar es Salaam. Siku moja nikaziandika zile beti nyuma ya risiti ya duka, nikatembea hadi Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere alilifungua jengo lile tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, miezi kumi baada ya Azimio la Arusha. Leo nikilitazama naiona fikra ya wakati ule: nchi maskini inajenga nyumba ya vitabu katikati ya jiji, na mlango wake hauulizi wewe ni mtoto wa nani. Siku ile sikujua hayo. Niliona watu wameinama kimya, nikataka kurudi.

Kwenye dawati la maulizo alikaa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Unatafuta nini?”

“Kitabu cha mashairi.”

Angeweza kuninyooshea kidole rafu ya mashairi, na angekuwa amejibu. Ningekwenda, ningepekua diwani nne au tano, ningeondoka. Yeye akaitazama ile risiti mkononi mwangu.

“Hayo uliyoandika umeyapata kwa nani?”

Tangu siku ile nimekutana na wakutubi wengi, wa maktaba kubwa na wa vyumba vidogo vya wilayani, na kila niliyemheshimu nilimheshimu kwa ajili ya swali hilo la pili. Swali la kwanza msomaji hulijibu kwa maneno aliyonayo, na aghalabu maneno aliyonayo ni machache kuliko haja yake. La pili ndilo linaloifikia haja.

Nikamweleza habari ya bibi. Akaniambia nisome, kwa sauti ya chini. Nikasoma. Akahesabu kwa vidole vyake juu ya meza: mizani nane, nane, nane, nane. Akanionyesha kwamba mistari mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, na wa nne una kina chake, na katika ubeti wa pili ule wa nne umerudi na kina kilekile, cha “ia”. “Huu ni utenzi,” akasema, “na ni mrefu. Mtu hachagui kina cha namna hiyo kwa beti mbili.” Halafu akauliza jambo ambalo sitalisahau.

“Bibi yako alikuwa anasema mbele, au mbee?”

Nikashtuka. Alikuwa akisema mbee, na sisi tulikuwa tukimcheka kwa hilo.

“Na njoo je? Alisema ndoo?”

Ndiyo. Ndoo. Miaka yote ile sisi watoto tulidhani binti wa kwenye utenzi anaambiwa alete ndoo ya maji.

“Basi hicho ni Kiamu, mwanangu. Maneno ya Lamu hayo.”

Akainuka, akatangulia, akasimama mbele ya rafu ya 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili, akapitisha kidole juu ya migongo ya vitabu, akatoa kimoja. Ulikuwa Utendi wa Mwana Kupona. Nikakaa nao siku ile na kesho yake, nikaunakili wote kwenye kaunta buku, beti zaidi ya mia moja. Jioni ya siku ya pili nilipomsomea mjomba, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba sasa anakumbuka: mama yake bibi hakuzaliwa Pangani, aliletwa na jahazi akiwa mtoto kutoka “huko juu”. Hakuna aliyewahi kuuliza juu ni wapi. Tumeijua asili ya mama wa bibi yetu kwa sababu mkutubi alisikia “ndoo” na akajua haikuwa ndoo.

*

Baadaye, nilipokua, nilianza kujiuliza utenzi ule ulifikaje kwenye rafu ile. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, mwanamke wa kisiwa cha Pate, jirani na Lamu, aliyekuwa ameolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, naye akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Uliandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama tungo zote za pwani wakati huo. Karatasi ya pwani haina maisha marefu. Unyevu wa bahari unaila, mchwa wanaila, nondo wanaitoboa, na watoto wanafungia karanga. Utungo uliobaki ni ule ambao kila baada ya muda mtu alikaa chini akaunakili upya. Lamu alikuwapo mtu kama huyo, Muhamadi Kijuma, mshairi na mchongaji wa milango na mwandishi wa hati nzuri, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alinakili tenzi nyingi, nyingine kwa ajili ya wanazuoni wa Ulaya. Ndiyo maana leo hati za mkono wake ziko London na Ujerumani. Hati maarufu ya kisa cha Herekali, kaisari wa Rumi, yenye tarehe inayoangukia mwaka 1728, iko Hamburg. Mtoto wa Pate anayetaka kuigusa apande ndege.

Naumia nikisema hivyo, na bado namshukuru aliyeihifadhi. Yote mawili yamo moyoni na sioni haja ya kulitoa moja.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba hati kufika kwenye jengo lenye paa zuri hakujaiokoa bado. Chukua kisa hichohicho. Wengine wanakiita Utendi wa Tambuka. Wengine Utenzi wa Herekali. Zamani kiliitwa Chuo cha Herekali. (Chuo, katika Kiswahili cha zamani, ni kitabu, ndiyo maana mjuzi wa vitabu ni mwanachuoni, na ndiyo maana mahali pa kusomea vitabu pakaja kuitwa chuo. Napenda kukumbuka kwamba vyuo vikuu vyetu vyote vimebeba jina la kitabu.) Sasa mtu anaingia anauliza Tambuka, mwingine anauliza Herekali, wa tatu amesikia jina la mtunzi tu, Mwengo. Wote wanataka kitu kimoja. Bila mtu aliyekaa akaandika kwamba majina haya ni ya kazi moja, wawili kati yao wataambiwa “hatuna” na wataondoka, na hati iko hatua ishirini kutoka waliposimama.

Wakutubi huifanya kazi hiyo kila siku. Kijuma, Kijumwa, Muhammad, Muhamadi, Mohamed: ni mtu mmoja au watu wawili? Hati iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu itaingizwa vipi kwenye orodha ya herufi za Kirumi, ili anayejua moja tu aipate? Dar es Salaam tuna mfano mzuri. Miaka ya 1960 mtafiti Mwingereza, J. W. T. Allen, alizunguka pwani akikusanya hati na kurekodi tungo kwenye kanda, zikawekwa katika maktaba ya chuo kikuu, na mwaka 1970 orodha yake ikachapishwa Leiden, Uholanzi: hati za Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda, moja baada ya nyingine. Orodha haina utamu wa kusoma, wala haitungiwi wimbo. Lakini kila mtu aliyeandika kwa uzito kuhusu ushairi wa pwani tangu hapo amesimama juu ya mabega ya orodha za namna ile, na majina ya waliozipanga hizo karatasi ndani ya makasha, wakaandika namba kwa penseli pembeni, hatuyajui.

*

Nilisoma sekondari katika shule ambayo sitaitaja. Ilikuwa na vitabu. Vilikuja kwa maboksi, vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vikaingizwa stoo, na stoo ikafungwa kufuli. Ufunguo alikaa nao mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu hubadilika kila wiki. Ukiomba kitabu unaulizwa jina la kitabu. Ungejuaje jina la kitabu ambacho hujawahi kukiona? Mwaka wetu wa mwisho stoo ilifunguliwa ili iwekwe mbao za ujenzi, tukaona mchwa wamepanda kutoka sakafuni hadi rafu ya tatu, wamekula maneno na kuacha majalada. Tulivibeba kwenye toroli hadi shimo la taka. Nilimwona mwalimu wetu wa Kiswahili amesimama pembeni, mikono nyuma, hasemi kitu.

Shule ile haikukosa vitabu. Ilikosa mtu. Na nchi yetu ina mazoea ya kuhesabu vitabu, kuhesabu rafu, kukata utepe, kisha kumkabidhi ufunguo mtu ambaye ana vipindi thelathini vya kufundisha kwa wiki.

Ningependa wafadhili wa vitabu wajue jambo moja zaidi. Miongoni mwa vile ambavyo mchwa hawakuvifikia kulikuwa na kitabu cha afya ya nyumbani, chenye picha nzuri, kinachoeleza jinsi ya kumtibu mwenye malaria kwa klorokwini. Kilipochapishwa kilikuwa sahihi. Lakini vimelea vilizoea klorokwini, Tanzania ikaiacha mwaka 2001 ikaingia dawa nyingine, SP, na mwaka 2006 ikahamia dawa mseto. Kitabu kile kikiendelea kukaa kwenye rafu ya tiba kinaweza kumpoteza mtoto wa mtu. Kikitupwa, historia ya jinsi tulivyopambana na malaria inapungua ukurasa mmoja. Mkutubi mmoja niliyemsimulia habari hii hakusita. Akasema kitabu hicho angekitoa rafu ya tiba siku hiyohiyo, akaweka nakala moja kwenye hifadhi, na kadi yake ingesema wazi kwamba ni maelezo ya zamani. Kujua kitabu kipi kiingie ni nusu ya kazi. Kujua kipi kiondoke, lini, kwenda wapi, ni nusu ambayo watu wa nje hawaioni, na wakiiona wanadhani ni uharibifu.

Kenya, mwaka 1996, huduma ya taifa ya maktaba ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Picha za ngamia wale zimezunguka dunia nzima, na ngamia kweli anapendeza. Mimi huwaza juu ya yule aliyekaa na sanduku tupu jioni ya kuamkia safari, ana nafasi ya vitabu vya ngamia mmoja, anachagua kipi kiende kwa watoto ambao baba zao watahama kabla ya safari ijayo.

*

Hata namba za mgongoni zina siasa yake. Maktaba zetu nyingi za umma zinapanga vitabu kwa mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, uliotoka mwaka 1876. Maarifa yote ya binadamu yamegawanywa katika mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Ni mfumo wenye akili nyingi, lakini umeona dunia kutoka dirisha moja. Tazama fungu la dini, 200. Kuanzia 220 hadi 280 na ushei ni Biblia na Ukristo. Uislamu wote umewekwa ndani ya 297: Kurani, hadithi, fiqhi, sira, vyote vinatofautishwa kwa tarakimu zinazokuja baada ya nukta. Dini za jadi za Afrika zimebanwa 299. Kwenye lugha, Kiingereza kina 420 nzima, Kijerumani 430, Kifaransa 440. Lugha za Kiafrika karibu zote zimeshikana 496, na Kiswahili chetu ni 496.392.

Katika mji wa pwani, ambako nusu ya wanaoingia wanatafuta kitabu cha dini ya Kiislamu, mfumo huo unamaanisha rafu moja imefurika na nyingine mbili ni tupu, na kibandiko cha namba ni kirefu kuliko upana wa mgongo wa kitabu. Mkutubi wa mji mmoja wa namna hiyo alinionyesha alivyofanya. Hakuubomoa mfumo, maana akiubomoa maktaba nyingine hazitamwelewa. Aliandika vibao vyake mwenyewe kwa Kiswahili, vikubwa, kwa wino wa kijani: TAFSIRI, SIRA, FIQHI, MIRATHI. Akavibandika juu ya 297 yote. Mzee aliyeacha shule darasa la nne anaingia, anasoma MIRATHI, anakwenda moja kwa moja. “Namba ni ya kompyuta,” akaniambia. “Kibao ni cha mtu.”

Huyohuyo ndiye niliyemwona siku moja akimhudumia mzee mwenye baraghashia aliyeingia akisita, akaomba “kitabu cha sheria”.

“Karibu mzee wangu. Sheria ya nini?”

“Ya shamba.”

“Liko mjini au kijijini?”

“Kijijini.”

Akamvutia kiti. Akamuuliza, polepole, kama anayeuliza hali ya nyumbani, ni nani anaandikiana naye barua kuhusu shamba hilo. Mzee akatazama huku na huku. Ikatoka: mwanawe wa kike amefiwa na mume, na shemeji zake wamemwambia aondoke, kwa mila ya huko mwanamke hana shamba. Mkutubi akaenda akaleta Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, akafungua kifungu cha 20, akamweleza kinachosema: mila haina nguvu pale inapomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi kihalali. Akarudia mara mbili. Kisha akasema jambo ambalo kwangu lilikuwa na thamani sawa na kile kifungu: “Mzee wangu, mimi si wakili. Nimekuonyesha palipoandikwa. Sasa nakuandikia mahali pa kupata msaada wa kisheria, uende na karatasi hii.” Alijua mwisho wa kazi yake ulipo. Na nilipomuuliza baadaye kama mzee yule alirudi, aliniangalia kwa upole akabadilisha mazungumzo. Anachokuja kutafuta mtu maktabani ni siri ya mtu huyo. Yote haya nimeyaandika nikiwa nimebadilisha kinachoweza kumtambulisha.

*

Watu huniambia kazi hiyo sasa inafanywa na simu. Binti wa rafiki yangu alipochaguliwa kwenda Bagamoyo, kwenye Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, jirani alimuuliza mbele yangu: “Unakwenda kusomea kupanga vitabu?” Binti akatabasamu kwa adabu. Niliumia kwa niaba yake.

Simu ninayo, na naitumia. Nikiandika maneno mawili inaniletea majibu elfu. Lakini siku ile ya 1993 ningekuwa na simu ningeandika nini? Ningeandika “mashairi ndoo wino karatasi”, na ningeletewa mambo ya ndoo. Mashine inajibu nilichoandika. Haikuwahi kumsikia bibi yangu. Na hata pale inapojibu vizuri, imejibu kwa sababu mahali fulani mtu alipiga picha hati, akaandika chini yake ni nini, ya nani, ya lini, kwa lahaja gani. Hati za Kiswahili zilizoko London baadhi yake unaweza kuziona leo ukiwa umekaa Mwanza, na kila moja ina maelezo yaliyoandikwa na mtu. Ondoa yale maelezo, zinabaki picha za karatasi zilizochakaa.

Lugha yetu hasa ndiyo inayomhitaji mtu huyo. Kitabu cha Kiingereza kimeorodheshwa na maktaba mia tano. Ikikosea moja, nyingine zinasahihisha. Kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa nakala chache Tanga au Zanzibar kinaweza kuwa kimeandikwa kwenye orodha moja tu duniani. Geuza kitabu chako chochote kilichotolewa Tanzania uangalie namba ya nyuma, ile ya ISBN: mara nyingi utakuta ndani yake 9976 au 9987. Hizo ni tarakimu za nchi yetu, na zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kenya mara nyingi ni 9966. Mwandishi anayechapisha kwa fedha yake bila kuomba namba, bila kupeleka nakala maktaba ya taifa, amekiweka kitabu chake mahali ambapo baada ya miaka thelathini hata wajukuu zake hawatakipata. Nawaomba waandishi wenzangu, pelekeni nakala.

Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa nyikani ulishuka miteremko ya Table Mountain ukaingia Chuo Kikuu cha Cape Town, ukateketeza chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vya taaluma za Afrika. Milango ya kuzuia moto ilifunga, vyumba vya chini vikaokoka moto, vikaingia maji ya zimamoto. Siku zilizofuata wakutubi na watu wa kujitolea walipanga mstari, wakapokezana makreti ya karatasi zilizolowa. Nilizitazama picha hizo usiku, peke yangu, nikalia. Niliwaza kwamba angalau wale watu wanaweza kuketi na orodha wakasema: hiki kimeungua, hiki kimebaki, cha hiki kuna nakala mahali fulani. Stoo ya shule yetu ilipoliwa na mchwa hakuna aliyeweza kusema hata kimoja kilichopotea kinaitwaje.

*

Mwaka jana tulikuwa tunahamisha vitu vya mama mkubwa. Chini ya sanduku la kanga tukakuta kaseti, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: “Harusi 1989”. Binamu yangu alikuwa na redio ya zamani inayokubali. Ngoma, vigelegele, mtu anatangaza zawadi, halafu kelele zinapungua na sauti ya bibi inaanza. Anaghani dakika kumi na moja. Hakuna nazi safari hii, kwa hiyo hakuna kinachomkatiza. Nikaleta ile kaunta buku ya 1993 nikawa namfuata kwa kidole. Anaruka beti, anarudi, anageuza maneno. Na kuna beti mbili ambazo kwenye kitabu hazimo kabisa.

Nikaipeleka kaseti kwenye maktaba ya chuo kimoja wanakohifadhi kanda. Aliyenipokea alikuwa kijana, pengine alizaliwa mwaka ule niliokuwa naandika nyuma ya risiti. Akaishika kaseti kwa pembe zake mbili, akaitazama ukungu kwa tochi ya simu, akasema inaweza kuingizwa kwenye kompyuta lakini kwanza isafishwe. Akavuta fomu.

“Hii ni nini, mzee?”

“Bibi yangu anaghani Mwana Kupona.”

Akaandika. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuinuka.

“Bibi anaitwa nani?”

Nikamtajia jina tulilomwita.

“Hilo ni la nyumbani. Jina lake kamili, binti nani? Alizaliwa wapi? Alijifunza kwa nani? Na harusi hii ilikuwa ya nani, kijiji gani?”

Sikujua. Nina miaka hamsini kasoro, na nilikuwa sijui bibi yangu ni binti nani. Kijana akaweka kalamu chini, hana haraka, akanisogezea kiti. Nikampigia mama. Iliita muda mrefu.

“Mama, shikamoo. Niko maktaba. Wanataka jina la bibi, lote.”

“Nani anataka?”

“Mkutubi.”

Upande wa pili nikasikia redio ikizimwa.

“Mwambie achukue kalamu,” akasema mama.